Dodoso la Mnunuzi

Limekuja kwa simu, kurasa kumi na nne,
kwenye ghala letu la korosho hapa Newala,
msimu umefungwa, panya wameanza wao.
Katibu akasema: Somoe, wewe ndiye uliyemaliza kidato cha nne,
jaza. Wenzetu wa ng'ambo wana kikao Jumatatu.

Swali la kwanza: mna sera ya kubana matumizi ya maji?
Nikamtazama Bi Asumini Nalyoto,
ametoka bondeni na ndoo moja tangu alfajiri,
alama ya ngata bado imelala kwenye nywele.
Nikaandika: tunayo.

Mashine zenu zinakunywa dizeli lita ngapi?
Ya kupulizia salfa ni moja, ya Mzee Hokororo,
imekufa mwaka juzi. Sifuri.
Wafanyakazi husafiri kwa chombo gani, kilomita ngapi?
Nikaandika: miguu.
Kisanduku kikakataa herufi.
Sifuri.
Mwisho: ambatanisha picha.
Nikampiga Bi Asumini, na ndoo yake.

Mvua haikuulizwa.
Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba ilinyesha Oktoba,
mwezi ambao mama zetu walianika,
korosho zikaota ukungu hapohapo chini ya mti,
na daraja la kwanza likawa la pili tukiliangalia,
kwenye sinia la mpimaji.
Wala meli haikuulizwa,
ile inayozibeba na maganda yake zikamenywe Asia
kisha inazirudisha baharini zikaliwe kwingine.
Labda meli ina dodoso lake.

Mwezi wa nne ripoti ikafika,
karatasi ya kung'aa, jani la kijani kila pembe.
Ukurasa wa thelathini na moja: ndoo,
na mkono unaoishika. Bi Asumini wamemkata.
Chini yake: "Wakulima wetu wa kusini
tumewafikisha karibu kabisa na sifuri."

Nikamsomea.
Akacheka mpaka akakalia gunia.
"Wametufikisha! Na sisi tulizaliwa hapohapo!"
Akafuta machozi kwa pindo la kanga,
akauliza: na bei?
Nikafunua, nikafunua, nikarudi mwanzo.
Bei haikuwamo.

Akaichukua ripoti mkononi mwangu,
akaiviringisha iwe ngata,
akaitua kichwani, akaijaribu kwa ndoo tupu.

Ikateleza.