Imelipwa

Chumba ni cha nyuma ya duka la Mama Eliaichi, Pasua,
duka la mbegu na dawa za kuku,
kwa hiyo magauni yetu yote, hata yale ya lesi,
yana harufu ya chanjo ya kideri.
Tunayaanika alfajiri. Haitoki yote.
Mabinti wanapulizia manukato juu yake, basi, yanaenda.

Yalikotoka? Kwenye sendofu.
Moshi hii mtu haolewi kimyakimya:
kamati inakaa vikao sita, rangi inachaguliwa,
dada kumi wanashonewa damu ya mzee,
wanacheza mpaka saa saba za usiku,
kesho yake gauni linaning'inia nyuma ya mlango
mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu,
mwenyewe keshanenepa na hasemi.
Ndilo tunaloliomba.
Tunapiga hodi kwa adabu, kama waliokuja kuposa.

Septemba ikianza kutimua vumbi
wanakuja wa kidato cha nne, wawiliwawili,
mmoja mwenye shida, mwingine wa kumsindikiza,
na huwezi kujua yupi ni yupi
mpaka umwone anayetafuta bei.
Hakuna bei.
Ila Bi Mwanaidi, mstaafu wa posta,
anakata risiti kwa kalamu ya bluu:
Gauni moja. Shilingi elfu kumi na tano. Imelipwa.
Anagonga mhuri,
mhuri wenyewe wa kikoba chetu kilichokufa,
ili binti akiulizwa bwenini, "Umeazima kwa nani?"
atoe karatasi. Nimekodi, mimi.

Jumanne alikuja Aikaeli, peke yake,
mrefu hata akainama mlangoni.
Viatu kavua nje bila kuambiwa.
Tulimjaribishia manne. La tano, la kijani,
lilimkaa mabegani, likagoma kwenye goti.
Nikaligeuza pindo nilifumue,
na huko ndani nikayaona matundu ya sindano:
mstari, juu yake mstari, juu yake tena,
saba.
Kila mstari kimo cha mtu.
Wa chini kabisa ni wa Nakiete, namkumbuka,
alikanyaga pindo akacheka mwenyewe.
Wa juu ni wa kabinti kafupi ka Njoro
kalikolia kwa sababu zipu ilifunga.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema.
Waliosema hawakuwa na pini.

Kitambaa kilikuwa kimeisha. Nikaunga kipande
cha pazia la Mama Eliaichi, kijani kinachokaribia,
nikabana kwa pini kumi na moja,
kiunoni, mgongoni, chini ya kwapa,
nikamwambia, usiinue mikono ukishangiliwa.
Akasoma risiti yake polepole.
"Nani kalipa?"
Bi Mwanaidi hakuinua uso.
"Andika jina, mwanangu. Na shule."

Mahafali hatuendi.
Binti akituona atakwepa macho,
au atatusalimia kwa kelele mbele ya watu,
na yote mawili hatuyataki.
Tulikaa dukani. Muziki ulitufikia kutoka ng'ambo ya reli,
mshereheshaji akiita majina, upepo ukiyala nusu.
Mama Eliaichi aliacha kupima mbegu za mahindi,
kijiko hewani: "Kataja lake?"
Hatukujua.

Jumatatu, mfuko wa rambo kwenye komeo la mlango.
Gauni limefuliwa, limepigwa pasi ya mkaa,
chembe ya majivu imebaki kwenye kola.
Kwapani mshono uliachia, umeshonwa upya
kwa uzi mweusi, kwa mkono usiozoea sindano.
Kwa hiyo aliinua mikono.
Vizuri.

Pini kazichomeka kwenye kipande cha boksi, safu moja.
Nikahesabu kama kawaida yangu, mara mbili,
kisha nikamwita Bi Mwanaidi naye ahesabu.
Kumi na mbili.