Wimbo wa Tatu

Chinduli alirekodi mashine ya kupulizia salfa
shambani kwa mjomba wake, Julai, mikorosho ikichanua,
akaikata ile ngurumo vipande vipande,
akaigeuza nyuma mbele,
akaitandikia chini mlio wa ndoo za bati
zikigongana kwenye foleni ya maji, Newala, alfajiri.
Akasema: huu ni muziki.

Tulikuwa kumi na wanane nyuma ya duka la simu.
Kompyuta isiyo na betri, spika mbili za kukodi,
moja inakoroma hata haijawekewa kitu.
Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni
umetukalia mabegani,
na kila mtu amekuja na sikio lake.

Somoe anataka kelele tupu.
Anasema mdundo ni kamba ya mbuzi:
ukishafungwa, majani yako ni yale yale.
Husimama mbele, shavu karibu na spika,
mpaka hereni zitetemeke.
Akirudi nyumbani hasikii anachotumwa
na mama yake anajua alikuwa wapi.

Mfaume fundi baiskeli anataka singeli,
hata kama ni singeli iliyopotea njia.
"Kimbiza basi, kaka! Mguu umekaa bure."
Kwake muziki usiochezeka ni taarifa ya habari.

Nalinga wa ghala la chama cha msingi
anashikilia ile kazi ya kwanza,
iliyorekodiwa kwa redio kaseti mbovu,
nakala saba tu duniani, yeye anazo mbili.
"Siku hizi anasafisha mno," analalamika,
"anaosha mchele mpaka unabaki maji."
Tukimuuliza mbona hakosi hata siku moja,
anajibu: nakuja kuhakikisha.

Mimi napenda pale ndoo zinapoingia.
Ile ya tatu ina ufa, naijua,
ni ya kwetu.
Sijamwambia mtu.

Basi usiku ule, katikati ya wimbo wa tatu,
salfa ikipanda, besi ikitafuna ukuta,
kimya.
Kimya kinene, kama blanketi lililoloa.
Mbwa mmoja, mbali. Tone kwenye bati.
Mtu akameza mate, tukamsikia sote.

Somoe akasema, polepole: hatimaye.
Mfaume akazomea.
Nalinga akanong'ona kwamba kimya hiki
kipo pia kwenye kanda, upande wa pili,
ila kile kilikuwa kirefu zaidi,
kile kilikuwa na vumbi.

Wakaanza kubishana gizani:
kimya ni ufundi au ni uvivu,
kina kipimo au hakina,
na aliyelipa kiingilio amelipia nini hasa.
Sauti zikapandana, nyembamba juu ya nene,
moja imekwama inarudia "lakini, lakini, lakini,"
nami nikaona taa ndogo nyekundu
ikiwaka mkononi mwa Chinduli,
kinasa sauti chake, kile cha betri.

Alituacha tuendelee kitambo.
Kisha akakohoa.
"Jamani. Nani ana buku mbili?
Luku imekwisha."

Hakuna aliyetoa.
Ubishi ndiyo kwanza ulikuwa unakolea.