Kiti cha Kulia

Gari la milango miwili, la bei ya kujinyima,
Bogna alilinunua Radom, mkono wa tatu,
hita imekufa, redio inashika stesheni moja.
Kitabu cha maelezo, ukurasa wa arobaini na moja, kinasema
kiti cha kulia kina kumbukumbu
(kulia kwa mkono, si kwa machozi).
Cha dereva hakina.

Maana yake ni hii. Kacper akitaka kuingia nyuma
na begi lake la shule na theluji yake viatuni,
unavuta wenzo, mgongo wa kiti unainama,
kiti chote kinateleza mbele kama mtu anayepisha kanisani.
Mtoto akishapita unakisukuma, kinarudi,
kak!
pale pale kilipokuwa.
Hakuna umeme, hakuna kitufe. Jino la chuma tu, na springi.

Cha dereva husahau. Kila asubuhi Bogna
huitafuta klachi upya kwa ncha ya kidole.

Mama yake, Leokadia, alikiweka cha kulia nyuma kabisa
kwa ajili ya goti lililofanyiwa operesheni.
Tangu Februari kimekaliwa na mikate tu.

Jana fundi Zbyszek, mfupi, aliyeomba lifti, aliuliza:
"Nikisogeze mbele kidogo?"
Bogna alitazama barabara, waipa, barabara tena.
"Usikiguse. Kimeharibika."

Kacper, huko nyuma, magoti yamemfika kidevuni,
alijua ni kizima.
Akanyamaza.