Sare Arubaini

Kitabu kilifika Wete bila jalada,
ndani ya kasha la msaada,
kati ya kamusi ya Kijerumani na mwongozo wa kufuga nyuki.
Mwalimu Asaa akatusomea barazani kwa baba, Fundi Shaame,
sentensi moja ya Kizungu, tatu za Kipemba:
mfungwa nambari thelathini na saba,
kafungwa kwa kosa la kakaye,
kila usiku huchomoa uzi wa godoro
asokote kamba.

Baba akasimamisha cherehani.
"Uzi mmoja haubebi mtu. Asokote tatu tatu."
Ukurasa wa pili yake, mfungwa akasokota tatu tatu.
Tangu hapo baba akakihisabu kitabu kuwa nusu yake.

Mwisho haukuwamo.
Kurasa za nyuma zilikwisha kufungia halua, sijui ya nani.
Tukaachwa na mtu juu ya ukuta, goti moja limepita,
*akatazama chini, akaona*

basi.

Miaka miwili baadaye wakashuka Wazungu watatu
wakitafuta jela ya kupigia filamu.
Mwalimu aliposikia ni hadithi ipi, alikaa chini njiani
na kanzu yake nyeupe.
"Alitoroka?" akauliza.
Mkubwa wao akacheka. "Utaona kwenye filamu."

Wakalipenda ghala la karafuu la bandarini,
wakapima kuta, wakapima vifua vyetu.
Hamadi Kombo akapewa ubwana jela kwa ajili ya masharubu,
akaambiwa asiyaguse.
Baba akashona sare arubaini,
mistari ya kijivu, nambari kifuani,
nusu ya fedha mkononi, nusu siku ya kamera.

Ikaja barua ya mistari mitatu.
Neno *fedha* lilikuwamo mara mbili.

Hamadi Kombo alinyoa mwaka wa tatu,
kimya, kama mke aliyepewa talaka kwa mjumbe.

Nguo hazioziwi kabatini kwa hasira.
Msimu karafuu zilipozaa hadi matawi yakakatika
baba akazigawa kwa wachumaji,
na mikarafuu ya Kinyasini ikajaa wafungwa
wakiimba, wakitukanana, wakidondosha makonyo.
Koplo mgeni akashuka baiskeli,
akawahisabu mara mbili,
akauliza nani kawafungulia.

Thelathini na saba alivaa kaka yangu Faki.
Siku moja, kileleni, goti juu ya tawi,
akasita, akatazama chini.
Mwalimu alikuwa chini pale, akipepeta.
Ungo ukamsimama mikononi.
"Faki! Waona nini?"

"Namwona baba," akajibu. "Kashika kamba."

Baba akatazama mikono yake.
Ilikuwa kamba ya kuteremshia pakacha,
na kweli alikuwa kaishika.

Usiku ule Mwalimu akayaandika kwa penseli
pale kitabu kilipokatika.
Baba akamwambia aongeze:
ya nyuzi tatu tatu.