Jua la Katoni

Mombasa hii, mji wa kukimbilia vivuli,
mji wa mapazia mazito na vibaraza vya upande wa machweo,
nimeingia duka la umeme kununua jua.
"La kiasi gani?" Hirani akaniuliza,
bila kucheka. Nikampenda kwa hilo.

Nina kobe. Si wangu, ni wa kaka yangu Badawi,
aliyeniachia pamoja na kibali cha Wanyamapori
na karatasi ya mistari miwili:
Anaitwa Karani.
Hapendi kabichi.

Miaka tisa alizunguka uani kwetu Tudor
akipita kila kigae kama mkaguzi wa hesabu,
hadi majirani wakaanza kujenga.
Ghorofa ya tatu, tukasema heri.
Ya saba, tukanyamaza.
Ya kumi na moja ikatuzima ua wote.
Sasa jua hupita kwetu saa sita na robo
kama mgeni asiyevua viatu.

Gamba likaanza kulegea.
Nilibonyeza pembeni kwa kidole, likabonyea,
mfano wa yai lililolala kwenye siki.

Mwakio, daktari wa mifugo,
aliyezoea mbuzi na paka waliogongwa na tuktuk,
alimpindua Karani, akamrudisha polepole.
"Chakula hakina kosa, mama.
Kilichopungua hakionekani."
Akanieleza urujuanimno,
miale iliyo ng'ambo ya rangi ya mwisho,
ambayo kobe huila kwa ngozi
ndipo chokaa ishike mifupani.
"Lakini namweka dirishani kila asubuhi!"
"Kioo hupitisha mwanga, mama. Dawa hubaki nje."

Basi nimesimama kwenye kaunta, Barabara ya Digo,
najifunza kuchagua mchana.

Hii ya bluu imepakwa rangi tu,
nguo ya kuazima, haisitiri.
Hii nyekundu ya usiku, iache:
kobe naye ana haki yake ya giza.
Hii imeandikwa "mwanga wa mchana",
nyeupe, safi, mchicha utang'aa kijani,
ila ni mchana wa macho, mifupa haitaujua.
Hii ya joto itoshe jiwe moja pembeni,
aote akitaka, aondoke akichoka.
Na hii, mrija mrefu kama fimbo ya mwalimu,
ghali kuliko viatu vyangu vya Idi,
hii ndiyo.

"Usiweke kioo kati, wala plastiki.
Karibu mno utamuumiza macho,
mbali mno utalipia stima bure.
Iwashe saa kumi na mbili, izime saa kumi na mbili."
Kisha akanipa kalamu ya wino mzito.
"Andika tarehe hapa kwenye ncha.
Mwakani itakuwa ingali yawaka, nyeupe vile vile,
jicho lako litaapa kuwa ni nzima,
kumbe mwale umeshakwisha.
Taa hii hufa kabla ya kuzima."

Nilishika ile kalamu kitambo kirefu
kuliko tarehe inavyohitaji.
Badawi, Ramadhani yake ya mwisho,
alituchekesha sote mpaka daku,
akala tambi sahani mbili,
akamsugua Karani gamba kwa mswaki wangu.
Sikuandika popote.

Siku ya nne Karani alitoa shingo yote,
akanyoosha mguu mmoja wa nyuma
kama anayepimwa kiatu,
akafumba macho chini ya mrija.
Gamba bado. Mwakio asema miezi.

Jana stima ikapotea tangu alfajiri.
Saa nne nikachoka kungoja,
nikampakata ndani ya leso,
nikaingia jumba lile lile lililotuibia ua,
nikapanda ngazi moja moja,
goti likilalamika kila kituo.
Juu kabisa, mlango wa paa,
bawabu akasimama, mkono kiunoni:
"Mama, wabeba nini?"

"Karani," nikasema, nikihema.
"Amekuja kukagua."