Zamu ya Maji, Heru Juu

Mfereji ule haukuchimbwa na mtu mwenye haraka.
Bibi Nyanzira alichimba hatua tatu,
akamwaga kibuyu,
akachuchumaa kuyatazama maji.
Yakienda, alichimba nyingine tatu.
Yakisimama na kuduwaa, alijua amekosea,
akafukia, akaanza upya kidole kimoja chini.
Viangazi viwili, akauzungusha mlima hivyo,
na hadi leo ukisimama juu ya kingo zake
huwezi kusema unapanda au unashuka.

Maji yalitoka chemchemi,
yakaingia zizini kwa mlango wa nyuma,
yakasomba samadi ya usiku mzima,
yakatoka na rangi ya chai iliyokolea.
Halafu pale ukingo ulipopunguzwa kwa makusudi
yalimwagika taratibu, membamba kama shuka,
mteremko wote ukalowa bila kuchimbika.
Mwezi wa nane, Kasulu nzima imeungua,
kwetu nyasi zilifika magotini.
Ng'ombe wa watu walisimama ng'ambo ya boma
wakitulilia kana kwamba tumewaibia mvua.

Sisi mapacha tulilinda banio.
Bukuru alinitangulia duniani kwa muda wa chungu kuchemka,
basi zamu ya jioni ilikuwa yake,
ya alfajiri yangu mimi, Toyi,
saa ambayo baridi ya Heru hung'ata hadi kwenye kucha.
Kizibo kilikuwa pande la mgomba na bonge la ukoka.
Kukizibua ni teke moja, unaruka kando.
Kukiziba ndiyo kazi.

Nikisinzia, Nyandwi alikuja peku,
akahamisha kizibo.
Asubuhi vitunguu vyake vinang'aa,
naye anatuulizia hali ya afya, kwa kirefu,
mtoto mmoja mmoja, hadi na ndama.
Bibi hakumshtaki.
"Maji ya wizi hayana usingizi," alisema.
"Mwacheni akeshe."

Kisha Bibi hayupo.
Bukuru akapanda milingoti mia nne kule juu,
ya nguzo za umeme, alisema,
akateremka Kigoma kuuza betri na vioo vya simu.
Umeme ulipita kijiji kingine.
Milingoti ikabaki, ikanywa.
Chemchemi ikawa jasho,
jasho likawa doa,
doa likawa mahali pa kuonyesha wageni kwa kidole.

Juma lililopita nilichukua jembe.
Macho hayakuuona mfereji, vichaka vimeufunika,
ila miguu iliukumbuka ule usawa,
nikaufuata kama anayetembea ndani ya nyumba yake gizani.
Nilikata milingoti thelathini na mmoja.
Nilipompigia Bukuru alinyamaza kidogo.
"Ya upande upi?"
Ya juu ya banio.
"Hiyo si ndiyo yangu?"
Ndiyo.
Hakukata simu. Nilisikia mteja wake akibembeleza bei,
na yeye hamjibu.

Sitadanganya: maji hayajarudi.
Kuna tope, upana wa kiganja,
na kunguru wawili wamekwisha kupata habari.
Nilijaza ndoo ya plastiki bombani,
bomba lile linalotoka Jumanne na Ijumaa,
nikaimwaga penye banio, nikachuchumaa.
Yalikwenda hatua tatu.
Yakaenda nyingine tatu, yamebeba jani kavu na siafu mmoja,
yakafika panya walipotoboa ukingo,
yakaingia ardhini mbele ya macho yangu.

Nilikuwa natafuta bonge la ukoka la kuzibia
niliposikia kikohozi ng'ambo.
Nyandwi, kwenye fimbo yake,
macho yamejaa maziwa, haoni tena hata mkono wake,
sikio amelielekeza kwenye mfereji.
Alisikiliza mpaka tone la mwisho.

"Toyi," aliuliza,
"leo ni zamu ya nani?"