Kipande Kilichokatwa

Basi limeniacha penye kituo cha mafuta,
Tarrow, jimbo la Ohio, saa tatu na nusu asubuhi.
Theluji ya Machi imekuwa nyeusi kama masizi ya sufuria.
Mkononi nina karatasi ya baba, mwandiko wa penseli:
nyumba, shule, daraja, jumba la sinema.
Uniangalizie.

Nyumba aliyozaliwa Lenore Haskett
siku hizi wanang'oa meno.
Kibao cha shaba mlangoni kimelika herufi,
na mtoto mwenye pamba shavuni
ananishangaa nikipiga picha ukuta.

Shule imehamia barabara kuu.
Daraja lipo. Chini yake mto nusu umeganda,
nusu unaendelea na safari zake.
Kijana anayeuza kahawa hamjui.
"Aliigiza nini?" ananiuliza mimi,
niliyetoka Korogwe!

Nikamweleza, kahawa ikipoa:
baba alikuwa mwendesha mashine ya sinema.
Mara kumi na nne aliionesha filamu ile ile,
enzi mkonge una bei na watu wanakaa mpaka sakafuni,
na kila mara, pale stesheni, treni ikipuliza,
Lenore akiinua mkono kuelekea shingo ya yule bwana —
kacha! picha inaruka, treni imeshaondoka.
Ukumbi mzima miluzi. "Rudisha! Rudisha, Shekue!"
Arudishe nini? Mkanda ulikuja umekatwa.
Nani, wapi, kwa mkasi gani, hakuambiwa.
Miaka hamsini na minane
watu wa Korogwe wanamdai busu.

Jumba la sinema limefungwa, njiwa huingia bila tiketi.
Ila maktaba, chumba cha nyuma, jirani na mashine ya fotokopi,
Bi Marlys Oberholt ana funguo, ana glavu za Lenore,
ana mkanda mzima.
Akavuta pazia, akaketi nami,
makoti yetu mwilini, hita imeharibika.

Stesheni. Moshi. Mkono unapanda.
Nikabana pumzi ya watu mia mbili.

Alitoa uzi.
Uzi mweupe kwenye kola ya koti la yule bwana.
Akautazama, akauviringisha kidoleni,
akautia mfukoni mwake mwenyewe.
Treni ikaondoka.

"Sasa hapa wakate nini?" nikauliza.
Bi Marlys akainua mabega:
huenda ulikatika tu, mikanda hukatika.
Akaniwekea tena. Na tena.
Mara ya tatu nikaona: ule uzi
haukuwa umeshikamana na koti. Alikuja nao.

Jioni nikampigia baba. Kwao saa saba usiku,
hajalala. Hakuuliza nyumba, hakuuliza daraja.
"Haya. Walibusiana?"

Nje ya dirisha la moteli
lori lilikuwa linamwaga chumvi barabarani.

"Baba," nikasema, "aliyekata hakujua alichokata."

Kimya. Kisha kicheko, kicheko mpaka kikohozi.
"Nilijua! Si niliwaambia?"
Akaiweka simu pembeni bila kuikata,
nikamsikia akimwamsha mama.